Steji ya alasiri Elementaita ilivyofutwa: kisa cha mvua, ambulensi na korongo moja

Tangu ile wikendi ya rally, mbio za magari, hapa kwetu kati ya Gilgil na Elementaita, nimesikia watu wakibishana kwa kinyozi, kwa hoteli, kwa magrupu ya WhatsApp, kuhusu uamuzi wa mkuu wa mashindano kufuta mzunguko wa pili wa steji ndefu, yaani kipande cha barabara kinachofungwa ili magari yashindane, siku ya Jumamosi. Wengi wanasema aliogopa matope. Wengine wanasema waliwalipia watoto nauli kutoka Nakuru mjini waje waone magari wakaishia kuona mvua. Mimi nilikuwa mashali kwa hiyo steji, yaani wale wa kushika redio na kuzuia watu wasiingie njiani, na baada ya kuona yote kwa macho yangu ninachosema ni hiki: kufuta kulikuwa sawa kabisa, shida ni kwamba kulichelewa kama nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo inafaa kujadiliwa badala ya haya mengine.

Ieleweke kwanza hii haikuwa ile Safari Rally ya Naivasha, ya ubingwa wa dunia (WRC). Ilikuwa raundi ya kawaida ya ubingwa wa kitaifa, madereva wetu wa hapa hapa, Mitsubishi Evo na Subaru nyingi, Skoda Fabia na Ford Fiesta chache za wenye uwezo, halafu nyuma kabisa zile gari ndogo za kusukumwa na magurudumu mawili ambazo mwenyewe ndiye dereva, ndiye fundi, na ndiye anauza ng'ombe kununua tairi. Jumamosi ilikuwa na steji fupi ya asubuhi halafu ile ndefu inakimbiwa mara mbili, asubuhi na alasiri, magari yanaachiliwa kila baada ya dakika mbili. Servisi, mahali pa kutengenezea magari, ilikuwa Gilgil.

Steji ndefu ilikuwa inapita mashambani na malishoni, na katikati yake kuna korongo. Siku ya jua hilo korongo hata hulioni kama ni kitu, ni mchanga na mawe, mbuzi wanavuka, nduthi zinavuka. Magari ya rally hayakuwa yanalivuka, njia yao ilikuwa inapinda mita chache kabla. Lakini ile barabara ya kutoa mgonjwa, ile ambulensi ya katikati ya steji ingefuata ili ifike lami halafu hospitali Gilgil ama Nakuru, ilikuwa inavuka hapo hapo. Kwa karatasi kulikuwa na njia ya pili kupitia geti la shamba upande wa juu. Kumbuka hilo geti, tutalirudia.

Sasa udongo. Mtu wa Kisumu ama Kakamega akisikia matope anafikiria matope ya kwao, mekundu, mazito, yanashika. Huku kwetu kuna vitu viwili tofauti na vyote viko kwa steji moja. Kuna lile vumbi la jivu la volkano, laini kama unga, ambalo wakati wa kiangazi gari likipita linabaki limening'inia hewani mpaka dereva wa nyuma haoni kitu. Likinyeshewa linalowa juu tu kwanza, chini bado kavu, kwa hivyo kwa macho unaona barabara imelowa kidogo, kumbe gurudumu likigusa hiyo ngozi ya juu linateleza halafu linakata na kuzama kwa unga ulio chini. Halafu kuna vipande vya udongo mweusi, ule wa pamba, ambao ukipata maji unavimba na kujisokota kwa gurudumu mpaka tairi inakuwa laini kama mpira wa kuchezea, haina meno tena. Dereva anatoka kwa kimoja anaingia kwa kingine ndani ya mita mia. Na asubuhi magari yote yalikuwa yameshapita hapo, kwa hivyo mitaro ya magurudumu ilikuwa imechimbika tayari ikingoja maji.

Asubuhi ilikuwa kavu kabisa na steji ilikimbiwa vizuri, vumbi tu. Saa sita magari yakarudi servisi, watu wakala, mama mmoja mwenye chai na mandazi akamaliza ndoo nzima kwa kona yangu. Saa saba hivi mawingu meusi yakajipanga juu ya mlima Eburru, huku kwetu jua bado linawaka. Hapo ndipo mzee mmoja anayechunga hapo karibu akanijia akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo ambulensi yenu mnataka ibaki upande gani wa korongo?" Nikamwambia iko huku ndani, ikihitajika inavuka. Akaangalia Eburru akasema, "Ikinyesha kule, maji yanafika hapa kabla mvua yenyewe haijafika. Mwaka jana lilichukua ndama wangu na hapa hakukuwa na tone."

Nilipeleka hayo maneno kwa redio hapo hapo, saa saba na nusu, nikasema mwenyeji anaonya korongo litajaa, naomba njia ya kutoa wagonjwa iangaliwe. Nikajibiwa imepokelewa. Ilipokelewa kweli, kila ujumbe unaandikwa kwa daftari la kontrol, yaani kituo cha kuongoza mashindano, na baadaye kwenye kikao tuliusoma. Lakini kupokea ujumbe na kuufanyia kazi ni vitu viwili, na siku hiyo aliyekuwa kwa meza alikuwa na maswali mengine kibao kichwani, tairi, watazamaji waliovuka utepe, gari moja iliyochelewa servisi. Mtu akiketi mbali chini ya hema na jua linawaka, onyo la mafuriko linasikika kama habari ya kesho.

Saa nane matone yakaanza. Nilifunga redio kwa paketi ya maziwa maana hizi redio zikilowa kwa kitufe hazikusikii tena. Kama dakika ishirini baadaye gari la ziro ziro likapita, haya ndiyo magari ya wakaguzi yanayotangulia washindani kuangalia kama steji iko salama, na likasema njia inapitika. Na ilikuwa inapitika kweli! Hapa ndipo wengi wanapokosea wakibishana. Wanasema mbona ziro ziro ilipita, mbona ziro inayoifuata ilipita, mbona magari sita ya kwanza yalimaliza. Swali la kama gari la rally linaweza kupita ni swali rahisi kabisa. Evo yenye magurudumu manne yanayosukuma, dereva mzoefu, bamba la chuma chini ya tumbo, litapita mahali pengi sana. Swali lenyewe ni kama likipinduka kilomita ya kumi na moja, yule aliye ndani atatolewa na nani, kwa gari gani, kupitia wapi. Ziro ziro haikuulizwa hilo swali sababu kazi yake ni kuangalia njia ya mashindano, na hakuna gari lililotumwa kuangalia ile njia nyingine.

Saa nane na nusu gari la kwanza likaachiliwa. Dakika kumi baadaye korongo likaanza kusikika kabla ya kuonekana, ule mngurumo wa mawe yanabingirika chini ya maji, halafu maji yakaja ya rangi ya kahawa na matawi juu yake. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumesimika fito pale kivukoni tukaifunga kitambaa kwa kimo cha goti. Hatukumaliza kuambiana kitambaa kiko wapi, kikawa chini ya maji. Nikaita kontrol: kivuko kimefungwa, narudia, ambulensi haiwezi kuvuka.

Kuanzia hiyo sekunde, kwa maoni yangu, steji ilikuwa imekwisha. Hakuna haja ya kungoja ajali ndiyo useme imekwisha. Lakini kilichofanyika ni kwamba kontrol ilijaribu kuokoa steji, ikaiagiza ambulensi ihamie ile njia ya juu, ya geti la shamba. Ambulensi yenyewe ni van ya kawaida, ndefu, nzito nyuma, magurudumu mawili ndiyo yanasukuma, tairi za lami. Ilienda kama mita mia mbili ikaingia udongo mweusi, ikakaa. Mhudumu mmoja akavua viatu akashuka kusukuma, matope yakamfika katikati ya muundi, akawa anavuta mguu mmoja kwa mikono miwili. Na geti? Geti lilikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda kuangalia rally kule mwisho wa steji.

Wakati huo magari bado yanaachiliwa kila dakika mbili.

Gari la saba likateleza kwa ile kona ya miba likatoka njiani likaegemea tuta. Wote wawili walitoka wenyewe, wakaweka pembetatu nyuma mita hamsini kama sheria inavyotaka, wakainua bango la OK. Kila gari la rally linabeba hilo bango, upande mmoja OK ya kijani, upande wa pili SOS nyekundu, na dereva anayefuata akiona SOS lazima asimame asaidie. Niliona ule ukijani kwa mbali nikashukuru Mungu kwa sauti. Sasa hebu wewe msomaji geuza hilo bango tu. Fikiria ni SOS. Ambulensi imekwama, korongo limejaa, geti limefungwa, kwa mvua ile hata mtu na mtu hawaonani. Helikopta hata kama ingekuwepo isingeruka kwa wingu kama lile. Tungembeba mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo kwa nini, kwa trakta?

Saa tisa na dakika chache ndipo amri ikaja, bendera nyekundu vituo vyote vya redio. Bendera nyekundu kwa rally haipeperushwi tu na mashali aliyeona hatari, inatoka kwa mkuu wa mashindano, na dereva akiiona anapunguza mwendo papo hapo na kutembea taratibu akifuata maelekezo. Ilifanya kazi vizuri, madereva wote waliokuwa ndani walitii, hilo nawapongeza kwa moyo wote maana ndani ya gari na mvua ile na kelele ya injini kuona kitambaa chekundu si rahisi. Magari yaliyokuwa bado mstarini yakaelekezwa barabara kuu kurudi servisi. Steji ikafutwa.

Kwa hivyo nusu saa. Kati ya korongo kufunga na bendera kutoka, tulikuwa na magari yanayoenda mbio kwa steji ambayo haikuwa na mlango wa kutokea.

Nije kwa wale wa "zamani Safari haikufutwa." Nawaelewa kabisa sababu na mimi nimelelewa na hizo hadithi, na ni za kweli. Safari ya 1963 ilianza na magari zaidi ya 80 yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yakaanza zaidi ya 90 yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili mshindi akawa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Joginder Singh, kijana wa kuzaliwa Kericho hapa juu, alishinda 1965, 1974 na 1976, na watu wa rika la babangu wanamtaja kama jirani. Pasaka na matope vilikuwa ndiyo Safari yenyewe. Lakini angalia ile rally ilivyokuwa imejengwa. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, barabara ziko wazi, unakutana na lori na ng'ombe, magari yametawanyika nchi nzima, na ukikwama saa mbili unahesabiwa dakika za adhabu na bado uko ndani ya mashindano. Kukwama kulikuwa sehemu ya mchezo, na kijiji kizima kilikuwa kinakuja kukusukuma. Mpaka 2002 ilipotoka WRC bado ilikuwa inakimbiwa kwa barabara zilizo wazi.

Iliporudi 2021 ilirudi kama mchezo mwingine, steji fupi zilizofungwa, jumla ya kilomita za mbio mia tatu na kitu, mashindano ya sekunde. Ukifunga barabara umechukua dhamana ya kila mtu aliye ndani yake. Umewaambia madereva waende kasi yote waliyonayo sababu hakuna kitakachowajia mbele, na umewaahidi kwamba daktari yuko. Ahadi moja ikivunjika ile nyingine haina maana. Hata hiyo Safari ya WRC Jumamosi ya 2021, kwa steji ya Sleeping Warrior hapa hapa karibu, mvua ilimkuta Ott Tänak akasimama katikati ya steji kupangusa kioo kilichojaa ukungu, akapoteza muda mwingi na bado akamaliza wa tatu. Hiyo ni mvua kumsumbua dereva, na steji iliendelea kama ilivyofaa. Mvua kumsumbua dereva ni mashindano. Mvua kuifungia ambulensi njia ni jambo lingine kabisa na halina uhusiano na ujasiri wa mtu. Na kwa vile Safari yenyewe ilitolewa Juni ikarudishwa Machi kuanzia 2024, mwanzoni mwa mvua ndefu, hizi hesabu zitakuja tena na tena, kwa rally kubwa na ndogo.

Kuna malalamiko ya haki na hayo nayaheshimu zaidi. Steji ikisimamishwa, waliozuiwa na bendera wanapewa muda wa kukadiria, na muda wa kukadiria hauwezi kumfurahisha kila mtu. Magari ya kwanza yalipita kabla njia haijavurugika, ya nyuma yangepita kwa mitaro iliyojaa maji, sasa ukiwapa wa nyuma muda unaofanana na wa mbele, wa mbele waliohatarisha gari kwenye mvua wanauliza walihatarishia nini. Ukiwapa wa nyuma muda mbaya, unamwadhibu mtu kwa steji ambayo hakukimbia. Mwenye gari ndogo mmoja aliniambia pale servisi, "Bro, mimi nimeokolewa leo, hiyo mitaro ingenimaliza." Mwingine alikuwa na hasira sana, alikuwa ameweka tairi za mpira laini makusudi kwa ajili ya mvua, ameona Eburru kama mzee alivyoiona, amecheza karata yake vizuri, halafu karata haikuchezwa. Huyo namwonea huruma kweli. Lakini tukumbuke hizo gari ndogo za nyuma ndizo zingekuta njia ikiwa mbaya zaidi, mvua ikiwa kubwa zaidi, na msaada ukiwa mbali zaidi, na ndizo zina watu wasio na lori la kuwavuta. Nikipima mizani, sioni namna nyingine.

Upande wa watazamaji nitasema kidogo tu, sababu kila aliyekuwepo anaijua. Magari yaliegeshwa kwa shamba la udongo mweusi kwa sababu ndilo lilikuwa tambarare na karibu. Ilipofika jioni hakuna la kutoka. Trakta mbili zilivuta mpaka usiku, watu wengine walitembea kwa matope mpaka lami na watoto mgongoni, na barabara kuu ya Nakuru ikajaa foleni. Mita mia nne kutoka pale kuna uwanda wa mawe ambao mvua haiufanyi kitu, mbuzi ndio wanalala huko.

Jumapili ilienda vizuri. Usiku mkuu wa mashindano aliikata steji ndefu, akatumia nusu ya juu tu ambayo haina korongo wala udongo mweusi, ambulensi ikawekwa upande wa lami, na gari la pili la magurudumu manne lenye machela likakaa ndani. Mvua ilinyesha tena saa sita na hakuna kitu kilisimama. Wale wanaosema aliogopa matope hawataji kabisa hiyo Jumapili, sijui kwa nini, maana matope yalikuwa yale yale.

Kwenye kikao cha baada ya mashindano niliomba mambo matatu. La kwanza, ambulensi yenyewe, si gari lingine, ipitishwe kwa kila njia ya kutokea kabla ya steji kufunguliwa, na mvua ikianza njia hiyo iangaliwe kila nusu saa na jibu liandikwe kama yanavyoandikwa ya ziro ziro. Hilo lilikubaliwa bila ubishi. La pili, geti lolote linalotajwa kwa mpango wa usalama liwe na mtu wa kusimama hapo na ufunguo mfukoni mpaka swipa, gari la mwisho la kufunga steji, ipite. Hilo pia lilikubaliwa, na naamini liliwauma waliokuwepo sababu chumba kilinyamaza.

La tatu ni kwamba kila steji inayopita karibu na korongo iwe na mwenyeji aliyelipwa, mchungaji ama mkulima wa hapo, akae na mashali, na akisema maji yanakuja neno lake liweze kusimamisha kuachiliwa kwa magari kwa dakika kumi mpaka mtu aende aangalie. Hapo ndipo tuligawanyika. Kuna walioona ni kumpa mtu asiye na leseni mamlaka juu ya mashindano. Mimi naona dakika kumi si mamlaka, ni nafasi ya kuangalia tu, na huyo mzee alikuwa na saa nzima mbele yetu sote. Limeachwa mezani, na nitalileta tena kwa kikao cha kupanga raundi inayofuata, sababu ramani ya steji imetoka na naona tayari inapita karibu na mto Mbaruk.